Zafarani: Nunua Kidogo, Nunua ya Kweli

Kifuko cha zafarani kinachouzwa kwa bei ya kiberiti hakina zafarani ndani yake. Kina unga wa rangi, au maua makavu ya mmea mwingine, au nyuzi za kitu kingine zilizochovywa rangi zikafanana. Nalitanguliza hilo kwa sababu ushauri wote unaofuata umejengwa juu yake: zafarani haiwezi kuwa rahisi, na anayekuuzia rahisi anakuuzia kitu kingine.

Kwetu pwani zafarani ina heshima yake. Tunaitaja kwenye biriani ya harusi na kwenye halua, tunaitia kwenye maziwa ya moto yenye iliki, na walimu wetu huitumia kuandikia kombe. Lakini wengi wanaoitaja hawajawahi kuishika iliyo halisi. Wamekulia kwenye rangi ya biriani, wakaambiwa ndiyo zafarani, wakaamini. Hakuna wa kuwalaumu. Hata hivyo anayetoa fedha yake ana haki ya kujua anachonunua, na zafarani ni kiungo ambacho mtu wa kawaida anaweza kujifunza kukikagua mwenyewe kwa dakika chache.

Bei inatoka wapi

Mmea wa zafarani, ambao wataalamu huuita Crocus sativus, ni mfupi na mwembamba, karibu na usawa wa ardhi. Hauzai mbegu. Huongezeka kwa tunguu zake za ardhini, ambazo mkulima huzichimbua, huzitenganisha kwa mkono na kuzipanda upya. Kwa maneno mengine, usingekuwapo leo kama watu wasingeupanda kizazi baada ya kizazi.

Ua lake ni la zambarau, na katikati yake mna nyuzi tatu nyekundu. Hizo tatu ndizo zafarani. Maua huchanua mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, kwa muda wa wiki mbili au tatu tu. Wavunaji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijayanyausha maua. Siku hiyohiyo wanakaa chini, wengi wao wakiwa wanawake, wakifungua ua mojamoja na kunyofoa nyuzi zake kwa vidole. Kisha nyuzi hukaushwa, na katika kukauka hupoteza takriban asilimia 80 ya uzito wake.

Sasa piga hesabu. Kilo moja ya zafarani kavu huhitaji maua 150,000 au zaidi. Yaani gramu moja, ambayo ni fundo dogo la nyuzi kiganjani, imetoka kwenye maua kama 150, na kila ua limechumwa na kufunguliwa kwa mkono. Hakuna mashine iliyofanikiwa kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa watu. Ndiyo maana bei ya jumla huko inakolimwa mara nyingi hupita dola 1,000 za Marekani kwa kilo, sawa na dola moja kwa gramu kabla ya usafiri, ushuru, kopo na faida ya muuzaji. Bei ya rejareja lazima iwe juu ya hapo, na kwa kawaida huwa juu sana.

Hesabu hiyo ichukue uende nayo dukani. Gramu moja ikikufikia kwa chini ya bei ya jumla ya shambani, usiulize kama imechakachuliwa. Uliza imechakachuliwa kwa kitu gani.

Inatoka wapi na inatufikiaje

Karibu asilimia 90 ya zafarani ya dunia hulimwa Iran, hasa katika nyanda za Khorasan mashariki mwa nchi, katika miji kama Torbat-e Heydarieh, Gonabad na Qaen. Sehemu iliyobaki imegawanyika: Pampore huko Kashmir, Herat nchini Afghanistan, La Mancha nchini Hispania, Kozani nchini Ugiriki na Taliouine nchini Morocco. Kila mahali pana sifa zake na watetezi wake. Nyuzi za Kashmir husifiwa kwa unene na wekundu wake uliokolea, na za La Mancha kwa harufu inayotokana na kukaushwa juu ya moto mdogo.

Kwetu Afrika Mashariki nyingi huja kwa njia ya Ghuba. Huvushwa kutoka Iran hadi Dubai, ambako soko la viungo la Deira limejaa makopo yake, na kutoka huko au Muscat huletwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Nyingine husafiri kwenye mabegi ya ndugu walioko Oman, au ya mahujaji wanaorudi kutoka Makka na Madina.

Njia hiyo ndefu ina jambo moja la kuangalia. Vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Iran vimefanya zafarani yake nyingi iuzwe kwa jumla, kisha ifungashwe nchi nyingine na kupewa jina jipya. Hispania, kwa mfano, husafirisha nje zafarani nyingi kuliko inayovunwa katika mashamba yake yenyewe. Zafarani ya Iran si duni, na iliyo bora ni miongoni mwa bora kabisa duniani. Tatizo linaanza pale unapolipishwa bei ya asili fulani huku ukipewa nyingine. Kwa hiyo soma kopo kwa makini. Tafuta palipoandikwa ilipolimwa, na usiridhike na palipoandikwa ilipofungashwa. Kwa zafarani ya La Mancha na ya Kozani, tafuta muhuri wa asili inayolindwa na Umoja wa Ulaya. Kopo lisilotaja nchi ya mavuno wala mwaka wa mavuno liache lilipo.

Madaraja: usilipie uzi usio na kitu

Rangi, ladha na harufu ya zafarani zimo kwenye sehemu nyekundu ya uzi. Ukishuka chini uzi huwa wa manjano, kisha mweupe, na hapo nguvu imekwisha. Wauzaji wa Iran hupanga madaraja yao kwa kuangalia ni kiasi gani cha sehemu hiyo dhaifu kimebaki.

Negin na sargol ni sehemu nyekundu tupu. Negin huwa na nyuzi ndefu, nene na nzima. Sargol ni vipande vifupi zaidi. Pushal ni nyekundu yenye mkia mdogo wa manjano. Dasteh ni uzi mzima mpaka shina lake, umefungwa kwa vifundo kama mafungu ya mboga. Konj ni kile kishina cheupe peke yake. Kashmir nako wana majina yao: mongra ni nyekundu tupu, lacha ina mkia.

Kwa jikoni la nyumbani, pushal safi ni ununuzi mzuri kwa sababu bei yake ni nafuu na mkia ule unaonekana wazi kwa macho, hudanganywi. Sargol inafaa kwa anayesaga. Negin ni ya zawadi na ya kunyunyizia juu ya chakula inapotakiwa ionekane. Konj usiinunue kwa jina la zafarani.

Kuna pia kipimo cha kimataifa, ISO 3632, kinachopima katika maabara nguvu ya rangi, uchungu na harufu, kisha kuipanga zafarani katika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kwa daraja la kwanza nguvu ya rangi isipungue 200. Kopo linalotaja matokeo ya kipimo hicho pamoja na mwaka wa mavuno limekuheshimu wewe mnunuzi.

Namna ya kuikagua

Ulaghai wa zafarani ni wa zamani mno. Katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwapo wakaguzi maalumu wa zafarani, na mwaka 1444 mfanyabiashara mmoja alichomwa moto pamoja na bidhaa yake kwa kosa la kuichakachua. Adhabu ile ilikwisha lakini mbinu zimebaki: maua makavu ya kartamu, nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi, na kwa upande wa unga, manjano, pilipili nyekundu au rangi za viwandani. Wengine huchukua zafarani halisi wakaipaka asali, mafuta au gliserini ili iongezeke uzito.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye zafarani tahadhari, kwa maana mara nyingi ya bandia ndiyo inayong'aa kwa wekundu. Usinunue kwa jicho peke yake. Fanya haya:

*Nunua nyuzi, kamwe usinunue unga.* Unga hauna umbo, na kisicho na umbo huwezi kukikagua. Ukihitaji unga, saga mwenyewe.

*Tazama umbo.* Uzi halisi ni mwembamba upande mmoja na upande wa pili hupanuka kama tarumbeta, ukiwa na ukingo wenye meno madogo. Kartamu ni vipande bapa vya maua, rangi yake ikielekea machungwa. Nyuzi zilizo sawasawa mwanzo hadi mwisho si za ua hili.

*Ziguse.* Nyuzi zilizokaushwa vizuri hukatika kwa kupinda. Zikiwa laini, zinanata, au zikiacha alama ya mafuta kwenye karatasi, zimeongezewa uzito au zimehifadhiwa vibaya.

*Nusa, kisha onja.* Harufu yake ni nzito, yenye kitu cha asali na cha majani makavu pamoja. Ulimini ni chungu. Zafarani yenye utamu imepakwa kitu.

*Iweke kwenye maji baridi.* Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea zaidi. Tia nyuzi chache kwenye glasi ya maji baridi na usubiri dakika kumi na tano. Zafarani halisi huachia rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia huachia wekundu papo hapo, na baada ya muda mfupi uzi unabaki mweupe kama kamba.

Vipimo hivi vinaumbua bandia kamili. Mchanganyiko, ambapo nusu ni halisi na nusu si halisi, unaweza kukupita, kwa hiyo mwaga nyuzi zako kwenye sahani nyeupe uzitazame mojamoja kabla ya kuzihifadhi. Ukikuta sura mbili ndani ya kopo moja, rudisha.

Pale ambapo bandia inadhuru

Rangi ya biriani iliyoruhusiwa kwa chakula, ikitumiwa kwa kiasi, inaharibu ladha kuliko afya. Hatari yenyewe ipo kwenye rangi zisizo za chakula, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nguo na viwanda, ambazo walaghai huzitia kwenye viungo kwa sababu ni rahisi na zinakolea. Baadhi yake, kama rangi nyekundu za kundi la Sudan, zimepigwa marufuku katika chakula kwenye nchi nyingi kwa hofu ya saratani.

Hapa nataka nizungumze na walimu na wote wanaoandika kombe. Maandishi yale huoshwa na mgonjwa akanywa, naye pengine ni mtoto au mama mjamzito aliyekuja kwa imani yake yote. Wino huo haufai kuwa kitu kisichojulikana. Akichukua unga mwekundu wa kwenye kifuko kisicho na jina, mwandishi hajui anamnywesha mgonjwa nini. Nyuzi chache za zafarani ya kweli, zikisagwa na kuloanishwa kwa maji ya waridi, zinatosha wino wa kombe nyingi, na gharama yake ikigawanywa ni ndogo. Kama zafarani ya kweli haipatikani, ni bora kutumia rangi ya chakula inayojulikana na kusema wazi kuwa ni rangi.

Neno hilohilo nawaambia wapishi wa halua na wapishi wa harusi. Mteja aliyelipia halua ya zafarani amelipia zafarani. Ukiweka manjano au rangi, iite kwa jina lake na upunguze bei. Biashara ya namna hiyo hudumu.

Jikoni: namna ya kuifaidi

Watu wengi hununua zafarani ya kweli kisha wakaipoteza kwenye mafuta ya moto. Rangi yake huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, na harufu yake hupaa kwa moto mkali. Kwa hiyo usiikaange pamoja na vitunguu wala usiitie mapema kwenye sufuria inayotokota.

Saga nyuzi kwenye kinu kidogo pamoja na chembe chache za sukari au chumvi, ambazo husaidia kuzivunja. Mimina juu yake vijiko vitatu au vinne vya maji ya uvuguvugu, maziwa au maji ya waridi, funika, na uiache dakika ishirini au zaidi. Wapishi wa Iran wana njia nyingine: huweka kipande cha barafu juu ya unga wa zafarani na kukiacha kiyeyuke taratibu, ili harufu isikimbie. Kwa njia yoyote utakayochagua, maji hayo ya dhahabu ndiyo yanayoingia kwenye chakula, mwishoni.

Kwa biriani ya pwani, ambapo masala hupikwa mbali na wali, nyunyiza maji hayo juu ya sehemu ya wali uliokwisha kuiva, funika na uache kwa moto mdogo. Wali utakuwa na punje nyeupe na za dhahabu bila rangi ya kopo. Robo gramu inatosha kilo moja ya mchele. Kwa kikombe cha maziwa ya iliki, nyuzi nne hadi sita. Kwa halua, itie mwisho, pamoja na iliki, halua inapokaribia kuepuliwa, na uisikie harufu yake.

Usizidishe. Zafarani nyingi huleta uchungu na ladha ya dawa. Pia usiichanganye na viungo vyenye nguvu vinavyoimeza: pilau lenye bizari nyembamba, mdalasini na karafuu halihitaji zafarani, na fedha yako haitaonekana humo. Iweke mahali penye nafasi ya kusikika, kwenye wali mweupe, maziwa, samaki wa mchuzi mwepesi au vitamu.

Ihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ndani ya kabati lenye giza, mbali na jiko. Unyevu wa pwani na mwanga ni adui zake. Ikitunzwa hivyo hubaki na nguvu kwa miaka miwili hivi, na ndiyo sababu ya kununua gramu moja au mbili kwa wakati badala ya kopo kubwa la kujivunia.

Wanaoitafuta kama dawa

Yapo majaribio ya kitabibu, mengi yakiwa yamefanyika Iran, yanayoonyesha kuwa dondoo la zafarani, miligramu 30 hivi kwa siku, linaweza kuwasaidia baadhi ya watu wenye sonona ya kiwango kidogo au cha kati. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini majaribio hayo ni madogo na ya muda mfupi. Mwenye dawa za hospitali asiziache kwa ajili ya zafarani, na anayezitumia amwambie daktari wake kabla ya kuongeza chochote.

Kiasi cha jikoni hakina shida kwa watu wengi. Kuanzia gramu 5 zafarani huwa sumu, na ikizidi sana hapo inaweza kuua. Mama mjamzito ale chakula chenye zafarani kama wengine, ila asiinywe kama dawa.

Anayetaka kuiuza, na anayetaka kuilima

Kijana anayetaka kufanya biashara ya zafarani aanze na vitu vitatu: mizani nyeti inayosoma sehemu ya gramu, chupa ndogo za gramu moja au nusu, na msambazaji anayempa cheti cha maabara cha kila mzigo. Andika kwenye kila chupa nchi, mwaka wa mavuno, daraja na uzito, na ufuate masharti ya shirika la viwango la nchi yako, iwe TBS au KEBS. Weka glasi ya maji mezani, umwonyeshe mteja. Hakuna tangazo litakalokuuzia zaidi ya hilo.

Kwa kilimo ushauri wangu ni mkali zaidi. Zafarani inataka kiangazi cha joto na ukavu ambacho tunguu hulala, kisha ubaridi unaoamsha maua. Karibu na ikweta joto la mwaka halibadiliki kwa namna hiyo. Inawezekana kuilima ndani ya vyumba vinavyodhibitiwa joto, lakini hapo gharama ya umeme na vifaa inaingia kwenye hesabu. Hata katika nchi zake za asili hekta moja hutoa kilo chache tu. Kwa hiyo anayekuuzia tunguu kwa ahadi ya utajiri wa haraka, mwombe akuonyeshe shamba lake lililochanua hapa kwetu, na mauzo ya mavuno yake. Uwe macho pia kwa sababu upo mmea mwingine, Colchicum, ambao maua yake hufanana na ya zafarani, nao una sumu kali.

Maswali matatu ya dukani

Siku utakayokwenda kununua, muulize mwenye duka: imelimwa wapi, imevunwa mwaka gani, na je, utaniruhusu nitie nyuzi mbili kwenye maji? Muuzaji mwaminifu atajibu yote matatu bila kukasirika, na pengine atafurahi kumpata mteja anayejua. Akikwepa, mshukuru na uondoke. Ukikosa ya kweli, au mfuko usipokuruhusu, nunua manjano, yapikie na uyaite manjano. Ni kiungo kizuri chenye heshima yake. Na utakapopata fedha ya gramu moja, ile gramu itakuwa imebeba kazi ya mvunaji wa Khorasan aliyeamka kabla ya jua, na ni haki yake na yako kwamba ikufikie bila kuchanganywa.